Mko watatu, mnasikika mmoja: kabla ya kulipia studio

SWALI: Tuko wasichana watatu wa Temeke, tunachana hip hop. Tuna nyimbo 12 zimeandikwa na biti zipo, nyingine tumezinunua mtandaoni. Tumerekodi demo mbili, na kila anayesikiliza anauliza, "Huyu sasa ni nani?" Tunasikika kama mtu mmoja. Prodyuza anasema tusijali, atatutofautisha kwenye miksi. Tunataka itoke albamu, siyo rundo la nyimbo. Tufanye nini kabla ya kulipia, na makaratasi yanaanzia wapi?

JIBU: Dada, prodyuza wenu hana nia mbaya, ila anajitwika mzigo ambao ni wenu. Miksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti na biti, hukuza tofauti iliyopo. Haizai tofauti isiyokuwepo. Sauti ya mwanamke anapoongea kwa kawaida hukaa kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 165 na 255 hivi, upana ambao haufiki hata oktavu moja. Watatu mkichana kwa nguvu ileile, kwenye maiki ileile, kwa umbali uleule, mnarundikana hapohapo. Kundi mchanganyiko kama Wakilisha, lililokuwa na Langa pamoja na Witness na Shaa, lilipata tofauti ya bure: sauti ya kiume. Nyinyi ya kwenu mtaitafuta wenyewe, na huanzia kwenye daftari, ambako hakuna anayewatoza.

Anzeni na simu. Biti moja, chumba kimoja, simu mezani, kila mmoja achane mistari minne ileile akiwa amesimama hatua moja kutoka mezani. Msisikilize siku hiyo, sikilizeni kesho yake. Angalieni nani ana sauti nzito, nani anaitangulia ngoma na nani anabaki nyuma yake kidogo, nani anazivuta irabu za mwisho na nani anazikata. Mara nyingi katika kundi la wasichana kuna mmoja mwenye sauti ya chini kwa asili, lakini anaipandisha ili afanane na wenzake, hasa na yule anayesifiwa zaidi. Mrudisheni chini. Sauti nzito ya kike ndiyo nanga ya kundi. Ikipanda, wote watatu mnaelea.

Baada ya hapo ulizaneni swali ambalo makundi mengi hulikwepa: nani anaandika? Kama kalamu ni moja, mishororo itapumua mahali pamoja, vina vitaangukia palepale, na hata mkiwa na sauti tofauti mtasikika pacha. Salt-N-Pepa, kundi la wasichana la hip hop la Marekani, ni mfano mzuri. Albamu yao ya kwanza, Hot, Cool & Vicious ya mwaka 1986, kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye kalamu na mashine za prodyuza wao Hurby Azor. Kufika Blacks' Magic mwaka 1990, Salt mwenyewe aliandika na kuutayarisha wimbo wa Expression. Msikilize huo halafu mrudi kwenye albamu ya kwanza. Kwa hiyo kila mmoja aandike vesi yake, hata kama ni dhaifu. Mwenye kalamu nzuri asahihishe, asiandike upya.

Sasa urefu. Nahisi demo zenu zina vesi tatu za baa 16 (baa za muziki, siyo za Sinza), kwa sababu ndivyo watu watatu hugawana kwa haki. Hesabu ni hii: kwenye mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, baa moja (mapigo manne) inachukua sekunde 2.67. Vesi tatu za baa 16 ni baa 48, korasi tatu za baa 8 ni 24, utangulizi 4. Jumla baa 76, sawa na dakika 3 na sekunde 23. Wimbo mmoja wa urefu huo hauna shida. Kumi na mbili za mpangilio uleule zinachosha, na mtu wa tatu kwenye kila wimbo anasikika wakati msikilizaji ameshachoka. Mkipunguza vesi kuwa baa 12 mnashuka hadi dakika 2 na sekunde 51, lakini dawa yenyewe ni kuvunja mpangilio. Katika nyimbo 12, ziwe nne za watatu, nne za wawiliwawili, tatu za mmojammoja, na moja mnayopokezana baa mbilimbili bila korasi kabisa. Nyimbo za mmojammoja zikae mapema, ndani ya nusu ya kwanza, maana ndizo zinazomfundisha msikilizaji sauti ya kila mmoja. Watu huziweka mwishoni kama zawadi, na hapo zimeshapoteza kazi.

Na nani anaanza? Msimpe mtu mmoja vesi ya kwanza kila wimbo. Andikeni kwenye karatasi: wimbo wa 1 A-B-C, wa 2 C-A, na kuendelea. Karatasi hiyo itaokoa ugomvi mwingi.

Kiswahili nacho kina mambo yake kwenye biti. Maneno yetu ni marefu, karibu yote yanaishia na irabu, na mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho. Baa moja ina nafasi 16 ndogo, nne kwa kila pigo. Chukua mstari huu: "Napanda daladala Mbagala asubuhi na mapema." Hesabu silabi: 18. Zimezidi mbili, kwa hiyo mchanaji ataminya "na mapema" ikawa mapovu, au ataingia kwenye zamu ya mwenzake. Kata, iwe "Napanda daladala Mbagala asubuhi". Silabi 14, zimebaki nafasi mbili za kuvuta pumzi. Tena ukianza kwenye pigo la kwanza, "ga" ya Mbagala inaangukia pigo la tatu, na "bu" ya asubuhi inaangukia la nne, palipo na sneya, ile ngoma ya mlio mkali. Mkazo wa neno na kofi la ngoma vimekutana, ndiyo maana mstari unakaa mdomoni. Zile nafasi mbili za mwisho ndimo mwenzako anapoingilia na neno lake la kupokea. Fanyeni hesabu hii kwa kila mstari unaowapa tabu. Kwa wengi mtagundua tatizo siyo pumzi, ni silabi.

Tuingie studio. Chumba kwanza. Ukifika, piga kofi moja kali katikati ya chumba. Ukisikia mlio mkali unaozunguka, kuta zinarudisha sauti. Magodoro membamba ukutani yanameza sauti za juu tu. Za chini, zile za hezi 200 hadi 400, zinabaki na kufanya sauti iwe ya ndani ya boksi. Godoro moja nene, sentimita 15 hivi, liwe nyuma ya mchanaji, siyo nyuma ya maiki, kwa sababu maiki inamtazama yeye na ukuta ulio mgongoni kwake. Feni na kiyoyozi vizimwe wakati wa kurekodi na viwashwe kati ya zamu; Dar ya Januari haina huruma, kwa hiyo pangeni vipande vya dakika 20. Kama paa ni la mabati na mawingu yamefunga, msianze vesi. Na ulizeni kuhusu baa ya jirani na jenereta kabla hamjalipa. Studio nyingi za mtaani hutoza kwa wimbo, na saa za kusubiri muziki wa jirani uzimwe hakuna anayewarudishia.

Kabla ya kuvaa hedifoni, vueni bangili na hereni ndefu. Kitenge kipya chenye wanga kinachakarisha kila unapotikisa mkono, na mtu anayechana hatulizi mikono. Mambo haya hayasikiki kwenye spika za studio wakati biti inagonga. Yanaibuka siku ya miksi, kompresa (kifaa cha kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) inapovuta kila kitu juu.

Umbali wa mdomo ndiyo silaha yenu kubwa. Maiki za kondensa za studio nyingi zikisogelewa zinaongeza besi. Mwenye sauti nzito akae sentimita 10 hadi 12. Wa kati 15 hadi 18. Mwenye sauti kali asimame 20 hadi 25, na maiki iinuliwe kidogo juu ya mdomo, ielekee puani, ili "s", "sh" na "ch" zisipige moja kwa moja. Kichujio cha pumzi kikae sentimita 5 hadi 8 mbele ya maiki, maana "p" na "b" za Kiswahili hazichelewi kupuliza. Studio ikiwa na maiki ya pili ya dainamiki, ile ngumu ya jukwaani, mfano Shure SM58, mpeni mmoja wenu aitumie albamu nzima. Maiki ya bei nafuu inayomtofautisha mtu ni bora kuliko ya bei mbaya inayowafananisha. Pigeni picha ya kila mmoja alivyosimama na mtie alama ya utepe sakafuni. Bila hivyo, wimbo wa 3 na wa 9 zitasikika kama albamu mbili.

Kwa fundi: kilohezi 48, biti 24, vilele vya sauti visizidi desibeli -6, vingi vikizunguka -10. Hakuna faida ya kurekodi kwa nguvu zaidi, na ikipasuka haishoneki. Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inashikilia kabla ya kukirudisha kwenye hedifoni, iwe sampuli 64 au 128 wakati wa kurekodi. Ikiwa 1024 mtu anajisikia amechelewa, anaanza kuitangulia ngoma, na mnadhani hana mwendo.

Chaneni vesi nzima, mara tatu au nne, kisha chagueni vipande bora. Tabia ya kupanchi, yaani kurekodi mstari mmojammoja na kuuchomeka, ina raha ya siku moja. Mstari unatoka safi, lakini pumzi haipo popote, nguvu inapanda na kushuka kama swichi mbovu, na siku ya shoo mnagundua vesi hiyo haichaniki na binadamu. Panchi iwe ya neno lililokosewa tu.

Korasi ndiyo sehemu ambayo kundi la sauti tatu lina utajiri, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kila mmoja airekodi peke yake mara mbili. Hapo mna traki sita. Halafu simameni wote watatu kwa nusu duara, nusu mita kutoka kwenye maiki, mpige mara mbili zaidi kwa sauti ya uwanjani. Hizo mbili ni za kuongeza unene, hazitengeki, kwa hiyo zisiwe peke yake. Mwenye korasi akae katikati. Wengine wapelekwe kushoto na kulia, chini yake kwa desibeli 6 hadi 8.

Shida ya korasi za Kiswahili hutokea sehemu mbili. Mwanzoni mwa silabi, "t", "k" na "ch" za watu watatu zisipogonga pamoja zinatoa mlio wa karanga zinazomwagika. Na mwishoni, kwa sababu neno linaishia na irabu, kila mtu anaivuta apendavyo. Kubalianeni kwa namba: "mapema" inakufa pigo la tatu, basi. Kwa konsonanti, mmoja tu azitamke kwa ukali, wengine wazilambe, hasa "s". Mkisikia korasi ya kundi fulani inateleza kama sauti moja nene, mara nyingi hiyo ndiyo siri, siyo mashine.

Vijembe na vituo vya pembeni, yale maneno ya kudakia, visizidi vinne au vitano kwa vesi, na visidakiwe na mwenye vesi mwenyewe. Wadakie wenzake. Hapo ndipo kundi linasikika kundi.

Miksi sasa ni nyepesi. Sauti zote zikatwe chini ya hezi 80 hadi 100. Ukungu wa hezi 250 hadi 350 upunguzwe desibeli 2 au 3 kwa anayeuhitaji, siyo kwa wote kwa mazoea. Kisha kila mmoja apewe dirisha lake: mzito ainuliwe kidogo karibu na kilohezi 2.5, wa kati karibu na 4, mkali asiguswe huko ila apewe hewa kidogo juu ya 10 huku miluzi ya "s" kati ya 6 na 9 ikibanwa. Kompresa ya 3 kwa 1 au 4 kwa 1, ikibana desibeli 4 hadi 6. Mwangwi wa kurudia, kwenye mapigo 90, uwekwe milisekunde 333, na uwe wa mtu mmoja tu kati yenu. Akipewa kila mtu umeacha kuwa kitambulisho.

Ombeni kusikiliza kwa spika moja, na kwa simu ya kawaida. Fundi akitumia kipanuzi cha sauti kwenye korasi, huenda kwenye spika moja ikanywea au ikapotea kabisa, na sehemu kubwa ya wasikilizaji wenu watawasikia hivyohivyo, kwenye bajaji, dukani, au kwenye redio ya fundi cherehani. Masta, yaani ung'arishaji wa mwisho baada ya miksi, ifanywe kwa nyimbo zote pamoja, siyo moja leo na nyingine mwezi ujao. Msishindane kwa kelele: Spotify husawazisha sauti karibu na LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) -14, kwa hiyo wimbo uliobanwa hadi -7 utashushwa tu na kubaki bapa. Kilele cha kweli kiwe desibeli -1.

Biti za mtandaoni. Someni leseni mliyonunua. Ile ya bei ndogo mara nyingi ni ya kukodi: imeuzwa kwa wengine pia, ina ukomo wa idadi ya kusikilizwa, na faili mlilopewa ni la MP3 lenye ngoma, besi na melodi vimeshashikana. Miksi ya sauti tatu juu ya faili la namna hiyo ni kazi ya kubahatisha. Ombeni WAV (faili za sauti zisizobanwa) za kila chombo peke yake. Na kwa biti ya kukodi, msiwashe Content ID ya YouTube, mfumo wa kutambua sauti na kuidai, wakati wa kusambaza. Mtakuwa mnadai sauti ambayo watu wengine nao wana haki ya kuitumia, na madai yatawarudia. Kama biti ina kipande cha taarabu au dansi la zamani, kuna haki mbili za kuombea ruhusa: ya utunzi na ya rekodi yenyewe. Kukubaliwa na familia ya mtunzi hakumfungi mwenye rekodi.

Sasa makaratasi, na haya yaanze kabla ya siku ya kwanza ya studio. TLC, kundi la wasichana watatu wa Marekani, walitoa albamu ya CrazySexyCool mwishoni mwa 1994, ikauzwa kwa mamilioni, na mwaka 1995 wakaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Mikataba ndiyo iliyowafikisha huko. Kwa kila wimbo andikeni ukurasa mmoja: jina la wimbo, tarehe, nani ameandika maneno gani, nani ametengeneza biti, asilimia za utunzi zikijumlishwa 100, na mstari wa pili unaosema nani anamiliki rekodi. Mfano: mtengeneza biti 40, nyinyi 20 kila mmoja. Au aliyetunga korasi apewe 30 na wengine wawili 15. Namba ni yenu, mradi kila aliyetajwa asaini, prodyuza akiwemo, siku hiyohiyo kabla ya kuondoka. Kusubiri wimbo ushike ndiyo muulizane ni kutafuta kesi.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki huzaliwa kazi inapotungwa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunawapa ushahidi na njia ya kudai. Haki ya utunzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Kwa wimbo mliotunga pamoja, miaka hiyo inahesabiwa kutoka kifo cha wa mwisho wenu. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, mnajisajili kama kundi. Jina la kundi mlipeleke BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kwenye fomu waingie wote watatu. Jina likisajiliwa na mmoja kwa sababu ndiye aliyekuwa na nafasi siku ile, siku akitoka anatoka nalo. Andikeni pia, nusu ukurasa unatosha, itakuwaje mmoja akiacha: asilimia zake za nyimbo zilizokwisha zinabaki, jina linabaki na kundi.

Kutoka studio msitoke na MP3 ya WhatsApp. Dai: masta za WAV, biti tupu, biti yenye korasi kwa ajili ya jukwaani, toleo lisilo na matusi kwa redio, na faili zote za sesheni, kila traki ikianza sekunde sifuri ili ifunguke kwenye programu yoyote. Nakala mbili kwenye diski tofauti, nyumba tofauti, na moja mtandaoni. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, diski hufa bila kuaga.

Kabla ya kuchagua wimbo wa kutangulia, wachezeeni watu nyimbo zote kwenye shoo mbili tatu ndogo. Push It ya Salt-N-Pepa ilikuwa upande wa pili wa santuri ya Tramp mwaka 1987, wimbo ambao haukuwa hata kwenye toleo la kwanza la albamu, mpaka ulipofanyiwa rimiksi ukatikisa redio.

Usambazaji hauna mengi. Jalada liwe pikseli 3000 kwa 3000. Kila wimbo upate ISRC yake, namba ya kuutambulisha. Pakieni wiki nne kabla. Spotify wanataka pendekezo la orodha zao liwafikie angalau siku saba kabla ya wimbo kutoka. Msikilizaji huhesabiwa akipita sekunde 30, kwa hiyo skiti ya sekunde 20 isisimame kama wimbo, iunganisheni na mwanzo wa unaofuata. Na kwenye sehemu ya msanii andikeni jina la kundi peke yake, herufi zilezile kila mara. Mkiandika majina yenu matatu yakitenganishwa na koma, albamu itasambaa kwenye kurasa tatu, na ukurasa wa kundi utabaki mtupu.